Kura 91 au kura 129: kati ya Minnesota 1962 na Washington 2004, uanze na upi?

Ukitaka kumweleza mtu namna kura zinavyohesabiwa upya, mfano wa mbali una faida yake. Ukileta wa nyumbani, kabla hujafika kwenye fomu ya matokeo nusu ya chumba wameshanuna na nusu nyingine wameshaanza kuimba. Ukileta wa Marekani watu wanatulia, maana hakuna aliyevaa fulana ya mgombea wa Minnesota. Ndiyo maana mwalimu wa uraia, mwanafunzi wa sheria au anayewafunda mawakala wa chama huenda kuazima huko. Akifika anakuta chaguzi mbili za ugavana zinazogombea nafasi ileile ya mfano. Kipindi ni kimoja tu. Achukue upi?

Wa kwanza ni wa Minnesota, tarehe 6 Novemba 1962. Gavana aliyekuwa madarakani, Elmer L. Andersen wa chama cha Republican, alipata kura 619,751. Naibu wake, Karl Rolvaag wa chama cha Democratic-Farmer-Labor (DFL), alipata 619,842. Tofauti ni kura 91. Wa pili ni wa jimbo la Washington (la Seattle, si jiji lenye Ikulu ya Marekani), tarehe 2 Novemba 2004. Christine Gregoire wa Democratic, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, alipata 1,373,361, na Dino Rossi wa Republican, aliyewahi kuwa seneta wa jimbo, akapata 1,373,232. Tofauti ni 129.

Msomaji wa Tanzania asimfananishe gavana huyu na mkuu wa mkoa anayeteuliwa. Yeye anapigiwa kura, anasaini sheria zinazopitishwa na bunge la jimbo lake, na jimbo lina mahakama yake ya juu. Msomaji wa Kenya yuko karibu zaidi, ila gavana wa Marekani ana mamlaka makubwa kuliko yule wa kaunti.

Kwa tarakimu chaguzi hizi ni pacha, na wengi huishia hapo. Ukizifungua ndani, kila mmoja unafundisha kitu tofauti kabisa.

Minnesota: meza yenye watu watatu

Kilichowafanya watu wa Minnesota wapeane kijembe ni barabara. Siku chache kabla ya kura, upande wa Rolvaag ulidai kwamba serikali ya Andersen iliharakisha ujenzi wa kipande cha barabara kuu namba 35, karibu na mji wa Hinckley, ili kizinduliwe kabla ya uchaguzi, na kwamba kazi ililipuliwa. Andersen alikana. Muda wa kujisafisha haukuwepo. Anayejua kampeni anajua kuwa tuhuma ya wiki ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu jibu lake hufika watu wakishapiga kura. Hata hivyo, kwa tofauti ya kura 91 katika zaidi ya milioni moja na laki mbili, kila kitu kinaweza kuitwa sababu: barabara, mvua, jirani aliyekosa usafiri. Kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie barabara ndiyo iliyomwangusha Andersen. Huenda ndiyo, lakini na hayo mengine yote pia.

Matokeo ya mwanzo yaliyumba kama mtumbwi. Kwanza Rolvaag alikuwa mbele kwa kura 58. Kisha kaunti kadhaa zikaleta takwimu zilizorekebishwa, yakazuka mabishano kama zipokelewe au la, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema zipokelewe, na Andersen akawa mbele kwa 142. Rolvaag akadai hesabu irudiwe.

Hapo ndipo Minnesota inapoanza kuvutia. Kazi ya kurudia haikuachiwa tume ikae chumbani peke yake huku mawakala wakichungulia dirishani. Iligawiwa kwa vikundi vya watu watatu watatu: mmoja wa Republican, mmoja wa DFL, na wa tatu asiye na upande. Walikaa meza moja, sanduku moja, na kila karatasi ikapita mbele ya macho ya wote watatu. Wakikubaliana, inahesabiwa. Upande mmoja ukipinga, karatasi inawekwa kando, ikisubiri uamuzi.

Hebu fikiria hiyo karatasi. Mpiga kura ametakiwa aweke alama ya X ndani ya kisanduku. Mmoja ameiweka, lakini mkia wa X umetoka nje ya mstari. Mwingine ameweka vema badala ya X. Mwingine ameweka X kwa Andersen, akaikwaruza, akaweka nyingine kwa Rolvaag. Mwingine ameandika herufi za jina lake pembeni, na sheria inasema alama inayomtambulisha mpiga kura inaiharibu kura yake, kwa sababu zamani ndivyo wanunuzi wa kura walivyokagua kama mzigo wao umefika. Kila mkwaruzo ni hoja. Maelfu ya karatasi ziliwekwa kando kwa namna hii, na baadaye pande zote mbili zikakubali kuachana na mapingamizi mengi yaliyokuwa ya kukomoana tu, mpaka zikabaki chache zilizostahili kufika mbele ya majaji.

Majaji nao walikuwa watatu. Walizitazama karatasi zilizobaki, moja moja, na tarehe 21 Machi 1963 wakatoa uamuzi: Rolvaag, kwa kura 91. Andersen angeweza kukata rufaa. Hakukata. Rolvaag akaapishwa tarehe 25 Machi, siku 139 baada ya watu kupiga kura.

Siku zote hizo Andersen ndiye aliyekuwa gavana, kwa kuwa hapakuwa bado na mtu wa kumpokea. Tena huu ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa jimbo hilo kwa muhula wa miaka minne. Kabla yake ilikuwa miwili. Kilichoshindaniwa kilikuwa kinono mara mbili ya kawaida.

Washington: bahasha zisizo na saini kwenye kompyuta

Ukitoka Minnesota kwenda Washington ni kama kutoka sokoni kuingia benki. Kuna mashine, kuna daftari la wapiga kura kwenye kompyuta, kuna bahasha za kura za posta zenye saini inayopaswa kulinganishwa na ile iliyo kwenye kumbukumbu. Na bado mambo yalikwenda kombo.

Hesabu ya kwanza: Rossi mbele kwa 261. Tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho, sheria ilidai mashine zirudie. Zikarudia: Rossi mbele kwa 42. Hapo sheria iliruhusu chama kiombe hesabu ya tatu, ya mikono, lakini kilipie, senti 25 kwa kila kura. Chama cha Democratic kiliweka mezani amana ya dola 730,000, kwa masharti kwamba matokeo yakigeuka fedha zinarudishwa. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwenye akiba ya kampeni ya urais ya John Kerry, ambaye katika uchaguzi wa siku hiyohiyo ya 2 Novemba alikuwa ameshindwa na George W. Bush. Kama unafundisha wanasiasa, kaa hapa kidogo: kuna watu watauliza, na wana haki ya kuuliza, ni chama gani kidogo kingeweza kutoa dola 730,000 kwa kubahatisha.

Halafu ikaja kaunti ya King, yaani Seattle na viunga vyake, ngome ya Democratic. Katikati ya Desemba mwenyekiti wa baraza la kaunti, Larry Phillips, alikuwa anapitia orodha ya watu wa mtaani kwake ambao kura zao za posta zilikataliwa. Akakuta jina lake mwenyewe. Alijua fika alisaini bahasha yake. Ilipofuatiliwa ikaonekana kwamba wafanyakazi, walipokosa saini ya mtu kwenye kompyuta, waliikataa kura yake badala ya kwenda kutafuta fomu yake ya karatasi kabatini. Saini hazikuwepo kwenye kompyuta kwa sababu hakuna aliyeziingiza. Kosa halikuwa la mpiga kura hata kidogo. Bahasha za namna hiyo zikahesabiwa kwa mamia, mwisho 735.

Republican wakakimbilia mahakama ya kaunti ya Pierce na kupata zuio. Mahakama ya Juu ya jimbo ikalitengua kwa sauti moja tarehe 22 Desemba: kura zilizokataliwa kimakosa zinaweza kurejeshwa na kuangaliwa upya. Kati ya hizo 735, zilizokutwa halali ndizo zilizompeleka Gregoire kutoka uongozi wa kura zinazohesabika kwa vidole hadi zaidi ya 120. Katibu wa Jimbo, Sam Reed, alithibitisha ushindi wa 129 tarehe 30 Desemba. Reed alikuwa Republican, chama cha Rossi, na wenzake walimsema sana. Gregoire aliapishwa tarehe 12 Januari 2005.

Mkitaka kucheka kidogo darasani, wakumbusheni kwamba palikuwa na mgombea wa tatu, Ruth Bennett wa chama cha Libertarian, aliyepata zaidi ya kura 63,000. Mbele ya tofauti ya 129, kila mmoja wa hao 63,000 anaweza kujiita mtengeneza gavana.

Zinapotofautiana hasa

Watu wengi wakilinganisha chaguzi hizi huuliza ipi ilikuwa safi zaidi. Kwa maoni yangu swali hilo halifiki mbali. Swali lenye faida ni hili: ubishi ulikuwa juu ya nini?

Minnesota walibishania karatasi iliyoko mezani. Hii alama maana yake nini, mpiga kura alikusudia nani. Karatasi ipo, ukitaka unaishika. Washington ubishi ulihama kutoka kwenye karatasi ukaenda kwa mtu: aliyepiga kura hii alikuwa na haki? Saini hii ni yake? Aliwahi kufungwa? Bado yu hai? Na hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa sababu kura ikishatoka kwenye bahasha na kuingia kwenye lundo haina tena mwenyewe. Unaweza kujua kwa uhakika kwamba mtu fulani hakustahili kupiga kura, na usijue kamwe alimpigia nani.

Rossi aligonga mwamba huohuo. Alifungua kesi Wenatchee, kaunti ya Chelan, mbele ya Jaji John Bridges, akitaka uchaguzi ufutwe. Hakushindwa kuonyesha makosa. Jaji alikubali kuwa kura 1,678 zilipigwa isivyo halali: nyingi ni za watu waliohukumiwa kwa makosa ya jinai ambao walikuwa hawajarejeshewa haki ya kupiga kura, nyingine ni kura za wale ambao majina yao hayakuonekana kituoni, zilizotakiwa ziwekwe kando mpaka wathibitishwe lakini zikaingizwa moja kwa moja kwenye mashine, 19 zilipigwa kwa majina ya marehemu, na wako waliopiga mara mbili. Kura 1,678 haramu dhidi ya ushindi wa 129. Mtu wa kawaida anasikia hivyo anasema kesi imekwisha.

Haikwisha. Mawakili wa Rossi walipendekeza ukokotozi: kama kituo fulani kilimpa Gregoire asilimia 60, basi kila kura 10 haramu za kituo hicho, 6 ziondolewe kwake. Jaji alikataa. Kwamba watu wa mtaa wako wengi ni wa chama fulani hakumaanishi kwamba wewe nawe uliwapigia hao. Alitaka ushahidi wa wazi kwamba kura hizo ndizo zilizogeuza matokeo, na takwimu za kituo hazikufikia kiwango hicho.

Upande wa Gregoire ukaja na kete ambayo bado inanichekesha. Ulileta ushahidi wa watu watano kati ya waliopiga kura bila haki, na hao wakasema wenyewe walimpigia nani: wanne Rossi, mmoja Bennett. Jaji akaziondoa kura hizo tano. Kwa hiyo Rossi alienda mahakamani akiwa nyuma kwa 129, akatoka akiwa nyuma kwa 133. Uamuzi ulitoka tarehe 6 Juni 2005, na siku hiyohiyo alitangaza kwamba hakati rufaa, akisema muundo wa kisiasa wa Mahakama ya Juu ya jimbo haumpi nafasi. Andersen naye alikubali kushindwa bila kukata rufaa, ila yeye hakuitupia mahakama dongo njiani. Huo ni upendeleo wangu, niliahidi kimoyomoyo nisiufiche.

Mwanafunzi wa sheria kutoka Kenya atakuwa ameshaanza kulinganisha kimyakimya. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais kwa kuangalia zaidi namna uchaguzi ulivyoendeshwa na matokeo yalivyosafirishwa, bila kungoja mtu athibitishe kura kwa kura nani kaibiwa ngapi. Jaji Bridges alisimama upande mwingine wa mto: nionyeshe kwamba makosa yaligeuza mshindi. Kwa mjadala wa darasa la sheria, hakuna jozi bora kuliko hiyo, na Minnesota haiwezi kukupa.

Tofauti nyingine ni ya kiti. Minnesota walisubiri kwanza, wakaapisha baadaye: siku 139 za gavana wa zamani, kisha mpya anaingia bila kesi yoyote nyuma yake. Washington waliapisha kwanza: Gregoire aliingia ofisini siku ya 71, kisha akatawala karibu miezi mitano akiwa na kesi shingoni, huku mpinzani wake akidai uchaguzi urudiwe. Ipi ni nafuu? Wafanyabiashara watakwambia ya pili, kwa sababu bajeti haingoji. Mimi nasema inategemea gavana wa zamani ni nani. Ukiwa na Andersen, subiri. Ukiwa na mtu mwingine anayejua kuwa kila siku ya ubishi ni siku ya mshahara, usithubutu.

Na Massachusetts je?

Kuna atakayekwambia achana na zote, chukua Massachusetts 1839, ambako Marcus Morton alimshinda Gavana Edward Everett kwa kura moja. Ni kweli na si kweli. Sheria ya wakati ule ilidai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote. Zilipigwa 102,066, nusu yake ni 51,033, Morton akapata 51,034. Angepungukiwa moja, uamuzi ungeenda kwa bunge la jimbo lililokuwa mikononi mwa chama cha Whig, chama cha Everett. Everett mwenyewe alikuwa nyuma kwa zaidi ya kura 300. Ni hadithi tamu ya dakika tano, hasa ukiongeza kwamba Everett alikuwa ameudhi wanywaji kwa sheria iliyopiga marufuku kuuza pombe kali chini ya galoni 15 kwa mkupuo, yaani maskini asinunue kibaba chake. Zaidi ya dakika tano haikai.

Basi nani achukue ipi

Kama wanafunzi wako ni wa sheria, au ni watu watakaosimamia kesi za uchaguzi, chukua Washington. Nyaraka ni nyingi, hoja ni kali, na swali la “makosa yapo, lakini je, yamegeuza matokeo?” watalikuta kila mahakama watakayokwenda. Chukua Washington pia kama unafundisha watumishi wa tume. Zile bahasha 735 zinafundisha kuhusu kabati la fomu kuliko mwongozo wowote. Na waambie kilichofuata: wapiga kura wa King waliamua mkurugenzi wao wa uchaguzi awe anachaguliwa na wananchi badala ya kuteuliwa, na jimbo zima likahamia kura za posta, kaunti moja baada ya nyingine. Rossi alimrudia Gregoire mwaka 2008, na safari hiyo alishindwa mchana kweupe.

Kama ni darasa la sekondari, mawakala wa vyama, au kikundi cha vijana kijiweni, chukua Minnesota, wala usijute. Haina kompyuta wala istilahi. Ina meza, karatasi na watu watatu wasiopendana waliolazimika kukubaliana. Shida yake ni umri: usitegemee kuwapitishia wanafunzi karatasi zenyewe za 1962. Dawa yake iko katika jimbo hilohilo. Mwaka 2008 kinyang'anyiro cha useneta kati ya Norm Coleman na Al Franken kilirudiwa kuhesabiwa na kuishia tofauti ya kura 312, na vyombo vya habari vya Minnesota viliweka picha za karatasi zilizobishaniwa mtandaoni. Minnesota, inaelekea, haijui kushinda kwa kishindo.

Chora karatasi kumi za namna hiyo. X iliyotoka nje, vema badala ya X, jina pembeni, mkwaruzo. Wakalishe watatu watatu, mmoja chama A, mmoja chama B, mmoja asiye na upande, na usiwasomee kanuni mpaka waanze kugombana. Wataanza mapema, karatasi ya pili au ya tatu. Ile ya mwaka 2008 iweke ya mwisho kabisa: mpiga kura ametia wino kiduara cha Franken, kisha kwenye nafasi ya kuandika jina la mgombea mwingine akaandika “Watu Mijusi”. Wakili wa Franken alisema hakuna mtu anayeitwa hivyo, basi kura ni ya Franken. Bodi ya jimbo iliyoamua karatasi zilizobishaniwa ikaikataa, kwa kuwa ilionekana imechagua wawili.